Bango la sikukuu linamkaribisha nani?

Maneno haya yalisemwa mbele ya wachoraji, washonaji, walimu na vijana wanaotayarisha sikukuu katika vijiji na kartiye zao. Tumeyaandika hapa ili wale ambao hawakuwapo nao wayasome na kuyazungumza pamoja.



  Wengine wenu mmekuja na brashi na makopo ya rangi, wengine na sindano na uzi, wengine na simu yenye programu ya kutengeneza picha. Lakini kazi yenu ni moja. Sikukuu ikikaribia, ninyi ndio mnaoitwa: tuchoreeni bango, tushoneeni nguo, tupambieni uwanja.

Katika mikutano ya amani watu huzungumza sana juu ya wazee, wanasiasa, wanajeshi na mashirika. Mchoraji hatajwi. Yeye huitwa usiku wa mwisho. Analetewa kitambaa na karatasi yenye maneno, anaambiwa kwamba kesho saa mbili asubuhi liwe limekauka. Sisi tunaona kwamba mchoraji huyo ana kazi kubwa kuliko wanavyodhani wanaomtuma. Kabla hotuba haijasomwa, kabla ngoma haijapigwa, watu wamekwisha kuliona bango lake. Na kwa kuliona tu, kila mmoja amekwisha kujua moyoni mwake kama sikukuu hii ni yake au si yake.

Neno letu la leo ni hilo. Bango la sikukuu ni mwaliko. Linaweza kuwaita watu waliotengana waje uwanja mmoja, na linaweza kuwafukuza wengine bila kusema lolote.

Sikukuu ni nafasi

Tuangalie kwanza kalenda yetu. Tarehe 4 Januari tunawakumbuka mashahidi wa uhuru, waliouawa Kinshasa mwaka 1959, wakati mji ule ulipoitwa bado Léopoldville. Tarehe 8 Machi ni siku ya wanawake. Tarehe 30 Juni tunakumbuka uhuru wa mwaka 1960. Tarehe 1 Agosti ni siku ya wazazi: asubuhi tunakwenda makaburini kung'oa majani na kusafisha, mchana tunakula pamoja na wazazi walio hai. Tarehe 21 Septemba ni Siku ya Kimataifa ya Amani. Kisha Noeli na Mwaka Mpya, na kwa ndugu zetu Waislamu, kama wale wengi wa Kasongo na Maniema yote, ziko Idi mbili.

Mahali ambapo watu wamepigana, siku hizi ni za thamani. Tangu vita vya mwaka 1996 na 1998, mpaka mapigano ya mwaka 2012 na yale ya 2025 katika Kivu, familia nyingi zimehama, zimerudi, zimehama tena. Jirani amekuwa mgeni. Siku za kawaida, watu hawa hukutana sokoni tu au kisimani, na kila mmoja hupita upande wake. Sikukuu ni mojawapo ya siku chache ambazo mtu anaweza kwenda upande wa pili bila kuulizwa amefuata nini huko. Anakwenda kutazama defile. Anakwenda kucheza mpira. Anakwenda kula.

Siku hiyo ikitayarishwa vibaya, nafasi hiyo inapotea, na mwaka mzima utapita kabla ya kuipata tena. Kwa hiyo tunasema kwamba rangi na herufi zenu si mapambo peke yake.

Ufundi huu ni wetu

Wako wanaofikiri kwamba kuchora kwa ajili ya kufundisha watu kumeletwa na mashirika ya kigeni. Sivyo. Sisi Wakongomani tuna mabingwa wa kazi hii.

Lubumbashi alikuwako mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Alichora juu ya vitambaa vya mifuko ya unga, na picha zake aliziuza kwa watu wa kawaida wazitundike sebuleni. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwalimu mmoja wa chuo kikuu, Johannes Fabian, picha zaidi ya 100 zinazoeleza historia ya nchi yetu, na akazieleza moja moja kwa Kiswahili cha Katanga. Katika miaka ile nyumba nyingi za Lubumbashi zilikuwa na picha iliyoitwa "Colonie belge", inayoonyesha mfungwa akichapwa fimbo mbele ya mzungu wa serikali. Watu wa Lubumbashi waliziita picha za namna hiyo ukumbusho. Zilitundikwa ili mgeni akiingia aulize, na mwenye nyumba aanze kusimulia.

Kinshasa yuko Chéri Samba. Mwaka 1972 alianza kama mchora vibao vya maduka, kazi ile ile mnayoifanya wengi wenu. Aliona kwamba mpita njia huitazama picha kwa haraka na kwenda zake. Akaanza kuandika maneno ndani ya picha zenyewe, ili mtu asimame, asome, aite mwenzake, wabishane. Mwaka 1989 picha zake zilionyeshwa Paris katika maonyesho makubwa ya sanaa ya dunia nzima.

Mabingwa hawa wawili wanatufundisha jambo moja. Picha nzuri ni ile inayowafanya watu wazungumze. Bango la sikukuu linalopendeza macho lakini halimfanyi mtu aseme neno na jirani yake, limefanya nusu ya kazi.

Alama za wengine na alama zetu

Tukiombwa kuchora amani, wengi wetu tunachora njiwa mweupe mwenye tawi mdomoni. Ni vizuri tujue anatoka wapi. Wasomaji wa Biblia wanamjua njiwa wa safina ya Nuhu. Lakini njiwa wa mabango alienea duniani mwaka 1949, pale picha ya njiwa ya Pablo Picasso ilipowekwa kwenye bango la mkutano wa amani huko Paris. Mwezi ule ule Picasso alipata mtoto wa kike, akamwita Paloma, ndiyo kusema njiwa kwa Kihispania.

Njiwa huyo si mbaya. Lakini tujiulize: katika kijiji chetu, njiwa anasema nini? Kwa mtoto anayewinda kwa manati, njiwa ni kitoweo. Na ile alama ya duara yenye mistari ndani, iliyochorwa na Mwingereza Gerald Holtom mwaka 1958 kwa ajili ya watu walioandamana kupinga silaha za nyuklia, kwa mtu asiyeelezwa ni kama unyayo wa kuku ndani ya sufuria. Alama ni kama neno: asiyelijua hasikii kitu.

Jambo gumu zaidi ni silaha. Mbele ya jengo la Umoja wa Mataifa huko New York imesimama sanamu ya bastola ambayo mdomo wake umefungwa fundo. Aliitengeneza Msweden Carl Fredrik Reuterswärd baada ya mwanamuziki John Lennon kuuawa mwaka 1980. Pale New York watu wanaielewa mara moja. Kwa sababu hiyo wengine hapa hupenda kuchora bunduki iliyopigwa msalaba mwekundu, au panga lililovunjika, na kuliweka bango hilo mbele ya uwanja siku ya sikukuu. Lakini katikati yetu wako watoto waliomwona baba yao akiuawa. Mtoto wa namna hiyo hauoni msalaba mwekundu. Anaiona bunduki. Na sikukuu kwake imekwisha kabla haijaanza.

Kuna mahali ambapo silaha zimetumika vizuri katika sanaa. Msumbiji, mwaka 1995, baada ya vita virefu, makanisa chini ya uongozi wa Askofu Dinis Sengulane yalianza kuwapa watu majembe, baiskeli na cherehani badala ya bunduki. Bunduki zilikatwakatwa, na wachongaji wa Maputo wakatengeneza viti, ndege na hata mti mzima kwa vyuma vile. Lakini angalieni mpango ulivyokuwa. Kwanza watu waliziacha silaha kweli, ndipo sanaa ikafuata. Picha ilisimulia jambo lililotendeka. Mahali ambapo bunduki bado ziko mikononi, picha ya bunduki iliyovunjika ni ahadi ambayo mchoraji hana uwezo wa kuitimiza.

Basi tuchore nini? Tuchore vitu ambavyo watu wetu wenyewe wanavifanya wakiwa na amani: mitumbwi miwili ziwani usiku yenye taa, wanawake wanaotwanga pamoja, watoto njiani kwenda shule, soko lililojaa, mlango wa nyumba ulioachwa wazi. Mtu anayelala na hofu anajua vizuri maana ya mlango ulioachwa wazi.

Jembe na ng'ombe

Tuchukue mfano. Tuseme kijiji kinataka kufanya sikukuu ya mavuno. Mchoraji anachora jembe, mhindi na mihogo. Ni picha nzuri. Lakini katika eneo hilo wako pia wafugaji, na kila mwaka kuna ugomvi kati yao na wakulima kwa sababu ya ng'ombe kuingia shambani. Mfugaji akipita na kuliona bango lile, anasoma jambo ambalo halikuandikwa: kwamba udongo huu ni wa wenye jembe. Na kama bango lingekuwa na ng'ombe peke yake, mkulima angesoma maneno kama hayo upande wake.

Wengine watasema, basi tuchore jembe upande huu na ng'ombe upande ule. Hiyo ni afadhali, lakini bado ni watu wawili waliogeuziana migongo. Tazameni maisha yenyewe yanavyokwenda. Mkulima ananunua maziwa. Mfugaji ananunua unga. Mavuno yakiisha, mabua yanabaki shambani na ng'ombe anayala, na samadi yake inarutubisha udongo. Chora mezani sahani ya ugali na kibuyu cha maziwa, na mikono miwili inayonawa katika beseni moja. Hapo kila mtu anaona kwamba chakula hicho hakikamiliki bila mwenzake.

Tena, muwe waangalifu na sura. Ninyi wachoraji mnajua kwamba katika nchi yetu watu husoma pua, urefu, nywele na mavazi. Katika picha ya mafundisho, ukimpa mwizi au muuaji sura ambayo watu wataitaja kuwa ya kabila fulani, umewahukumu watu wote wa kabila hilo. Na mtu wa jamii ndogo, kama wale wanaotoka msituni, asichorwe kila mara akiwa amebeba mizigo ya wengine au akichekwa. Mchoreni akiwa mwalimu, fundi, mama wa nyumba, mtu kati ya watu.

Rangi si za bure

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema bendera yetu ni ya rangi ya samawati, ina nyota ya manjano pembeni juu, na mstari mwekundu wa mshazari wenye kingo za manjano. Tumefundishwa kwamba samawati ni amani, nyekundu ni damu ya mashahidi, manjano ni utajiri, na nyota ni mwanga wa siku zijazo. Lakini wazee wetu waliishi miaka mingi chini ya bendera ya kijani ya Zaire, yenye mkono ulioshika mwenge, kuanzia 1971 mpaka 1997. Rangi ile ile humkumbusha mmoja ujana wake, na mwingine humkumbusha kifungo.

Rangi za vyama nazo ni hivyo. Katika uchaguzi wa mwaka 2006, 2011, 2018 na 2023 tuligawiwa fulana na vitenge vya wagombea. Uwanja wa sikukuu ukipambwa kwa rangi mbili ambazo kila mtu anazijua kuwa za chama fulani, hata bila jina la chama, nusu ya watu watakaa nyumbani. Kabla ya kununua rangi ulizeni: katika komine yetu, mwaka huu, rangi hii ni ya nani?

Kitenge cha 8 Machi

Mama zetu, hapa tunasema nanyi kwa heshima.

Siku ya 8 Machi ina uhusiano na amani tangu zamani. Tarehe 8 Machi 1917 wanawake wa Petrograd huko Urusi waliingia barabarani wakidai mkate na mwisho wa vita. Umoja wa Mataifa ulianza kuiadhimisha siku ya wanawake mwaka 1975. Kwetu siku hii imekuwa siku ya kikwembe. Mchoro wa mwaka huchapishwa kwenye kitambaa, na wanawake hutembea pamoja wamevaa nguo moja. Ni jambo zuri. Anayetazama kutoka pembeni hawezi kujua huyu ni mke wa mkubwa, huyu ni muuza ndizi, huyu ametoka kabila lile. Nguo imewafanya dada.

Lakini nguo hiyo ina bei. Mama aliyekimbia vita, anayelala darasani au kambini na watoto watano, hana pesa za kikwembe wala za mshonaji. Siku ya defile anajificha. Wengine hukopa, na wengine hugombana na mabwana zao nyumbani. Nguo iliyotengenezwa kuunganisha imemtenga yule aliyehitaji zaidi kuunganishwa.

Wachoraji na washonaji, hapa mna jibu mikononi mwenu. Mchoro wa mwaka si lazima uwe vazi zima. Unaweza kuwa kitambaa kidogo cha kichwani au cha shingoni. Katika kikwembe kimoja cha yadi sita mshonaji anaweza kukata vilemba vingi, akina mama wakachanga franka kidogo kidogo, na asiyenacho akapewa bila kutangazwa. Kila mmoja atavaa nguo yake ya kila siku, na kilemba kimoja kitawaunganisha wote.

Tujifunze pia kwa ndugu zetu wa pwani ya Afrika Mashariki. Kanga yao ina sehemu tatu: pindo kuzunguka pande zote, mji katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa chini. Mwanamke humpelekea mwenzake kanga kwa ajili ya jina lake. Anaweza kuomba msamaha kwa kanga, na anaweza kugomba kwa kanga. Basi na sisi tuyafikirie vizuri maneno tunayoyavalisha miili ya watu.

Lugha na herufi

Katiba inataja Kifaransa kuwa lugha ya kazi za serikali, na Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Lakini mabango mengi ya sikukuu yetu yameandikwa kwa Kifaransa peke yake, na maneno marefu. Yanasomwa na walioyaandika. Tamasha lililoanza Goma mwezi wa Februari 2014, baada ya kuahirishwa mwaka 2013 kwa sababu ya mapigano, lilichukua neno moja la Kiswahili kuwa jina lake: Amani. Neno hilo mtoto analisoma, bibi analisikia, na mgeni anajifunza kulitamka.

Kuhusu ufundi wenyewe, tunawakumbusha mambo machache:

Maneno yasizidi saba katika bango moja. Yaliyobaki yasemwe na picha, kwa maana wako wengi wasiojua kusoma, nao pia wamealikwa.

Kwa kila mita 10 za umbali, herufi ziwe na urefu wa sentimita 3 kwa uchache, na afadhali 5. Bango litakalosomwa kutoka mita 40 linataka herufi za sentimita 12 mpaka 20.

Rangi nyeusi juu ya manjano, au buluu nzito juu ya nyeupe, huonekana mbali. Nyekundu juu ya kijani huchosha macho, na wako watu, hasa wanaume, ambao hawawezi kuzitenganisha rangi hizo mbili.

Kaliko mpya ifuliwe kwanza ili dawa ya kiwandani itoke, ndipo rangi ishike. Rangi ya maji hukauka kwa saa chache. Rangi ya mafuta inataka siku nzima au zaidi. Mahali penye upepo, mkate matundu madogo ili bango lisipasuke.

Ninyi mnaotumia simu na kompyuta, msichukue tu picha ya kwanza mnayoikuta katika intaneti. Siku hizi kuna hata programu inayotengeneza picha kwa kuambiwa maneno tu. Mara nyingi inatoa kijiji ambacho si chetu na watu ambao hatuwajui. Kwa kadi ya Noeli inatoa theluji na miti ya Ulaya. Theluji yetu iko Ruwenzori peke yake. Mtu hajioni katika picha ya namna hiyo, na asiyejiona hajui kwamba amealikwa.

Majina ya waliokufa

Tunafika mahali pazito. Siku nyingine za kalenda ni za kulia. Siku ya 1 Agosti tunaandika upya majina juu ya misalaba. Na tangu mwaka 2023, tarehe 2 Agosti, siku ile vita vya 1998 vilipoanza, taifa linawakumbuka Wakongomani waliouawa katika vita hivi vyote.

Mtu anaweza kumwita mchoraji na kumwambia: andika majina haya ukutani. Yote ni ya kweli. Watu hao walikufa, na wana haki ya kukumbukwa. Lakini pengine mlima wa pili nao una makaburi, na hakuna jina hata moja la kule katika karatasi. Ukuta ukipakwa rangi namna hiyo, kila mtoto atakayepita hapo atajifunza kwamba upande mmoja ulikufa na upande mwingine uliua. Miaka 20 baadaye, ukuta ule bado utakuwa unafundisha.

Hatuwaambii mkatae kazi. Hatuwaambii pia kwamba wauaji na waliouawa ni sawa, maana haki ni haki, na mwenye kosa apelekwe mbele ya mahakama. Tunawaambia muulize swali moja kabla ya kuchovya brashi: "Karatasi hii imekamilika?" Mchoraji anaweza kuuliza swali hilo kwa upole mahali ambapo shefu au mwanasiasa hawezi. Na kama jibu ni kwamba wengine hawatakiwi, mnaweza kupendekeza mti upandwe, au jiwe moja lisilo na jina, mpaka siku ambayo majina yote yataweza kusomwa pamoja. Kungoja nako ni kazi ya amani.

Namna ya kuanza

Tunapendekeza njia hii, ambayo haihitaji pesa nyingi.

Kwanza, wiki tatu kabla ya sikukuu, kamati iketi pamoja na mchoraji. Wawepo wanawake, vijana, waliokimbia vita, na mtu mmoja kwa uchache kutoka kila jamii inayokaa hapo. Swali liwe moja: sikukuu hii ni ya nani?

Pili, mchoraji afanye michoro mitatu midogo kwa kalamu juu ya karatasi. Karatasi haina gharama. Kosa la karatasi hufutwa, kosa la uwanjani linakumbukwa.

Tatu, michoro hiyo ionyeshwe kwa watu ambao hawakuwa katika kamati: muuza mkaa, dereva wa pikipiki, mama wa upande wa pili. Msiwaeleze kitu. Waulizeni tu: unaona nini? Nani amealikwa? Nani hayumo? Halafu nyamazeni mwasikilize.

Nne, kamati ichague mchoro, ndipo kitambaa kinunuliwe.

Tano, siku ya kupaka rangi, waiteni watoto wa pande zote. Mchoraji achore mistari, watoto wajaze rangi. Mtoto aliyepaka rangi kipande cha bango atamleta mama yake kukiona. Huyo mama ni mgeni ambaye barua isingemleta.

Sita, alama za mashirika, na yetu ikiwemo, ziwe ndogo na ziwe chini. Bango ambalo majina ya wafadhili ni makubwa kuliko neno la sikukuu linawaambia watu kwamba amani hii ina mwenyewe, na mwenyewe si wao.

Saba, lipeni kazi ya mchoraji, na kwa wakati. Asiyelipwa na kamati atachorea yeyote anayelipa, na mahali petu wanaolipa vizuri mara nyingi ni wale wanaotaka kugawanya.

Maneno ya mwisho

Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2001 lilisema tarehe 21 Septemba iwe siku ya kusimamisha mapigano duniani pote. Hatuna amri juu ya wenye bunduki, nanyi pia hamna. Lakini uwanja wa kijiji siku ya sikukuu uko mikononi mwenu. Mnaweza kuutayarisha ili yule aliyekaa nyumbani mwaka jana, mwaka huu apite, aone bango, asimame, kisha aingie. Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika nchi yenye majeraha kama yetu, neno hilo ni dawa.

Mkirudi nyumbani, zungumzeni maswali haya katika vikundi vyenu:

Katika sikukuu yetu ya mwisho, ni nani hakuja? Je, kulikuwa na kitu katika picha, rangi au lugha yetu kilichomzuia?

Ni kitu gani katika maisha yetu ya kila siku ambacho pande zote hukifanya pamoja, na ambacho hatujawahi kukichora?

Katika kijiji chetu, ni kuta zipi zenye majina au picha zinazofundisha chuki, na ni nani anayeweza kuanza kuzungumza juu yake bila kuleta vita?

 Amani iwe katika nyumba zenu, na rangi zenu zisikauke ndani ya kopo.